Kifaa cha Kifuani

"Moyo wako mzima, mama," daktari alimwambia Tausi. "Mapigo yalipanda na kushuka vizuri kutwa nzima."

Mumewe, Shaweji, akaangua kicheko. "Si nilisema? Haya, twende. Dada zangu wamechoka kukufanyia kazi."

Damu ilimchemka Tausi. Jana, alipokuwa amebandikwa kifuani kile kifaa cha kurekodi mapigo ya moyo, Shaweji hakumfokea hata mara moja. Mawifi zake walipika, wakafua, wakamuuliza kama amekula. Kumbe walikiogopa kifaa kisije kikawaumbua kwa daktari, hawakumhurumia yeye!

"Sitoki," alisema, akaanza kufungua vifungo vya blauzi mbele yao. "Kibandike tena, daktari. Jana kilisikiliza maigizo. Leo kikasikilize nyumba yangu."

Shaweji alikitazama kile kifaa pale mezani, wala hakucheka tena.