Mchanga wa Kaburi la Egils

Jumapili, tarehe 10 Agosti. Alfajiri ukungu ulilala juu ya mto Gauja na umande ukalowesha viatu, lakini kufikia saa tatu jua lilikuwa limekausha mchanga wa makaburini, na reki zilikwaruza kila upande.

Ilikuwa sikukuu ya makaburi. Kabla Mchungaji hajafika, kila kaburi lilipaswa kuwa na maua, na mchanga wake uwe umechorwa kwa reki, mistari kama mifupa ya samaki, bila alama hata moja ya kiatu. Kaburi lenye majani siku hiyo ni aibu ya ukoo mzima.

La Egils lilikuwa na majani.

Gundars alimaliza kaburi la bibi yake, akatoka kinyumenyume huku akifuta nyayo zake, kisha akavuka njia. Tangu Kwaresima alikuwa akiomba apewe nguvu ya kuvuka njia hiyo. Kila usiku aliposali na kufika kwenye "kama sisi tunavyowasamehe", ulimi ulikwama.

Austra, mama yake Egils, alikuwa amekaa kwenye benchi la mbao kando ya kaburi. Mgongo ulikuwa umemkatalia kuinama tangu majira ya baridi.

"Wewe?" alisema.

"Mimi, mama. Nimekuja kumsamehe."

"Umsamehe kwa lipi? Mwanangu hakuchukua baiskeli yako. Nimesema mpaka meno yameniisha."

 Gundars alipiga magoti, akaanza kung'oa majani.

Marafiki zake wawili walimfuata na chupa ya kahawa na mikate ya nyama: Velta, msichana pekee katika kundi lao la mbio za baiskeli za BMX enzi zile, na Modris, aliyekuwa kama ndugu yake tangu utotoni.

"Achana nalo, bwana," Modris alisema. "Njoo unywe kahawa."

"Nimiminie hapahapa."

Wakakaa kwenye nyasi. Na kama kila mwaka, kahawa ikaleta habari za baiskeli.

"Yangu breki zake zilikuwa soli za viatu," Velta alisema. "Mama ananichapa kwa kumaliza viatu, mimi namwapia ni mpira wa miguu!"

"Ile yako ilikuwa toroli," Modris alimtania. "Baiskeli ilikuwa ya huyu hapa."

Hilo hakuna aliyebisha. Wengine wote waliendesha baiskeli za watoto zilizochomelewa usukani mrefu kwenye karakana ya shamba la ushirika. Ya Gundars ilikuwa BMX ya kweli, nyekundu, iliyoletwa kutoka ng'ambo na mjomba wake baharia. Kwenye vilima vya udongo nyuma ya kiwanda cha matofali, ilipaa.

Gundars mwenyewe aliamini ilipaa kwa sababu nyingine. Bibi yake alikuwa amembatiza kwa siri na kumpa msalaba mdogo wa fedha. Baba yake alikuwa mwalimu, na miaka ile ya utawala wa kikomunisti mwalimu angefukuzwa kazi kwa msalaba wa mtoto wake. Basi Gundars aliuvingirisha kwa sufu, akausukuma ndani ya bomba la usukani, akarudisha mpira wa kushikia. Hakumwambia mtu, hata Modris. Bibi alizikwa na siri hiyo.

Usiku wa kuamkia mashindano ya wilaya, baiskeli ilitoweka bandani. Modris alisema alimwona Egils akiikokota kuelekea mtoni. Wavulana walimpiga Egils mpaka jino likatoka, na hakuna aliyeendesha naye tena. Alipokua alikwenda Ayalandi kuchuma uyoga, akarudi ndani ya jeneza.

"Ulishinda kwa sababu mimi nilikaa pembeni nikilia," Gundars alimwambia Modris. Ulikuwa utani wao wa kila mwaka.

"Nilishinda kwa mapaja haya!" Modris alijipiga paja. "Na medali nitazikwa nayo. Sina mke, sina mtoto. Siku hiyo reki ya kaburi langu utashika wewe, ndugu yangu. Uliniahidi."

"Niliahidi."

Wakacheka. Austra alitazama kando.

Majani yalikwisha. Gundars alisawazisha mchanga, akaanza kuchora mistari. Kifua chake kilikuwa chepesi, kwa mara ya kwanza tangu utoto.

"Nimeshamsamehe," alisema. "Ila ningependa kujua kwa nini hata hakuiendesha. Haikuonekana tena."

"Aliogopa tu, maskini." Modris alimega mkate. "Labda alitaka kubadilisha ile mipira ya usukani isitambulike, msalaba ukamdondokea mkononi. Mtoto, miaka ile, angefanya nini? Akaitupa mtoni, penye kina."

"Msalaba gani?" Velta aliuliza.

Reki ilisimama.

Kengele ililia langoni. Mchungaji aliingia, na watu wakaanza kusogea kutoka kila njia, kofia mikononi. Modris alikuwa ameacha kutafuna.

Gundars aliinamisha kichwa, akachora mstari wa mwisho polepole, akatoka kinyumenyume mpaka mchanga wa Egils ukabaki bila alama. Kisha akavua kofia na kusimama mbele ya benchi. Alipaza sauti hata waliokuwa langoni wakageuka.

"Mama Austra, Mchungaji na wote mnisikie. Maadamu nina mikono, mchanga wa Egils nitauchora mimi kila mwaka. Na wako, Modris, utaota majani."