Uji Mtamu wa Baba Rehema

Zama hizo kila jiko lilikuwa na akili yake. Unaliwekea kidole asubuhi, linaonja tone la damu, kisha linakupikia kile tu ambacho mwili wako utakihitaji siku zijazo: dagaa wa kuimarisha mifupa, matembele ya kuongeza damu, na ziada hupati hata ukilia. Baba Rehema alikuwa amenyimwa sukari mwaka wa tisa sasa.

Asubuhi hiyo akapewa bakuli la uji mtamu na kashata mbili kwenye kisahani.

"Mama Rehema, njoo uone! Leo jiko limenihurumia!"

Mkewe, Bi Mwanamkasi, akacheka naye. Kisha akaona kisichokuwepo. Hapakuwa na dagaa, wala matembele, wala chochote cha kuujenga mwili kwa siku zijazo.

Akaketi karibu naye mkekani. Kama enzi zile walipokula sinia moja, akachota dagaa wote aliopikiwa yeye akawaweka kwenye kisahani cha mumewe, juu ya kashata.

"Chakula hicho hakihitajiki," jiko likasema kwa upole.

"Nyamaza wewe!" akalikemea. "Kula, Baba Rehema. Mifupa hiyo naihitaji mimi."