Bilauri ya Shamsi

Babu yangu Machano na baba yangu Bakar waliheshimiwa Makunduchi nzima. Kwao, hadithi ilianzwa na mmoja, na haikuendelea mpaka aitikiwe. Mimi nilirithi kuanza. Mwanangu Shamsi alirithi kuitikia.

Mwaka wa sitini na nne, mwaka wa Mapinduzi, alichukuliwa mchana, asirudi. Mke wangu aliendelea kusuka ukili wa mikeka, na kila jioni alimwekea Shamsi bilauri ya maji. Wajukuu wakidai hadithi, niliwaambia wamngoje baba yao.

Miaka ikapita. Jioni moja, baada ya Magharibi, mdogo wao alinivuta kanzu.

“Babu, leo basi! Japo ya sungura, hata fupi.”

“Haya. Paukwa!”

Watoto waliutazama mlango.

Vidole vya mke wangu vilisita. Chane moja ya ukindu ilining’inia chini ya kidole gumba, imepinda, haijasukwa.

“Pakawa,” akaitikia, bila ya kuinua kichwa.

Kisha akaichukua ile bilauri, akanywa maji yote.

Nikaendelea na hadithi.

Nanyi vijana, mzee akianza, acheni mlifanyalo. Itikieni.