Kufuli Hapitiki

Dakika ya kumi na mbili, wawili wenye jezi nyekundu walimjia Kufuli kwa kasi, mmoja kushoto, mwingine kulia, kama waliopanga jambo hilo tangu tumboni mwa mama zao.

Kufuli hakupepesa macho. Alimsoma wa kulia, akajitupa, akamkumba. Wa kushoto, kuona mwenzake yuko chini anakula vumbi, aligeuka akarudi alikotoka.

"Faulo hiyo!" alilalamika aliyekuwa chini.

"Kamwite refa," Kufuli alimjibu, akijipangusa magoti kwa glovu zake kuukuu.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya nyumbani. Kesho asubuhi klabu ingehamia mji mwingine, pamoja na jina lake, vikombe vyake na hata mbao za mabenchi. Uwanja ungebomolewa uwe ghala la saruji. Nyumba za klabu nyuma ya uwanja nazo zingepitiwa na tingatinga, na katika mojawapo aliishi Kufuli, mkewe, watoto watatu na mama mkwe.

Basi la kuhama lilikuwa na orodha. Jina la Kufuli halikuwemo.

Miaka kumi na tisa alikuwa mlinda mlango wa klabu hiyo. Makocha kumi na mmoja walikuja wakaondoka, manahodha walistaafu wakaota vitambi, yeye akabaki pale pale kati ya nguzo mbili. Sasa alikuwa na miaka arobaini na mbili, na magoti yake yalilia kama bawaba.

Jana alimwendea mkurugenzi ofisini, kofia mkononi.

"Huko tunakokwenda wana mlinda mlango kijana," mkurugenzi alisema bila kuinua uso. "Anaruka kama panzi. Wewe nikupeleke ukafanye nini?"

"Nijaribu, bosi. Mechi moja tu."

Mkurugenzi alimtazama kutoka juu hadi chini, mpaka Kufuli akahisi kiatu chake kimetoboka, jambo ambalo lilikuwa kweli.

"Haya. Kesho nitakuwa roshani, nakutazama. Kisipite kitu mpaka filimbi ya mwisho, nakuandika wewe na watu wako wote. Kikipita hata kimoja, sikujui, hunijui."

Mapatano hayo Kufuli hakumwambia mtu. Asubuhi mkewe alimuuliza tu, "Baba watoto, nifunge virago au nisifunge?"

"Funga," alisema kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi, kisha akaenda chooni akatapika.

Kutoka jikoni mama mkwe, bingwa wa maneno wa mtaa mzima, aliangua kicheko. "Mwanaume mzima, kazi kusimama kati ya nguzo mbili! Hata nguzo ya umeme inasimama, tena yenyewe inatoa mwanga."

Kwa miaka yote kumi na tisa, mama huyo hakuwahi kwenda kumwona mkwewe kazini hata mara moja.

Dakika ya thelathini na nane wakaja kwa juu. Kufuli aliruka, akadaka kwa mikono miwili, akaanguka kwa ubavu. Alipoinuka aligundua kwamba wenzake wawili waliopangwa kumkinga wameshampa mgongo. Walikuwa wanatazama mpira, midomo wazi, kama watu waliokata tiketi.

"Jamani, rudini nyuma!"

"Kaka, mechi ya mwisho hii," mmoja alisema bila kugeuka. "Acha tuione."

Kipindi cha pili wakamjia watano kwa mpigo. Alipangua kwa ngumi, akapangua kwa goti, na mara moja, Mungu amsamehe, kwa tumbo. Glovu ya kushoto ilichanika. Mdomoni alisikia ladha ya damu.

Hakikupita kitu.

"Ee Mola," aliomba kimoyomoyo, "dakika ishirini tu. Nipe hizo, nami nitaacha hata kumsengenya mama mkwe."

Nyuma yake uwanja mzima ulianza kuimba wimbo wa klabu. Wazee walikuwa wakilia waziwazi, sauti zinakatika katikati ya ubeti. Kufuli hakugeuka. Akigeuka atalia, na mlinda mlango anayelia haoni kinachokuja.

Dakika ya themanini na tisa, akaja mmoja peke yake.

Huyu alikuwa wa aina nyingine. Aliyumba kushoto, akayumba kulia, akarudi kushoto, huwezi kujua atatokea wapi. Hakukuwa na wa kumzuia njiani. Juu, kwenye roshani, mkurugenzi alikuwa amesimama wima, mikono kwenye reli, anatazama.

Kufuli alitoka hatua mbili kupunguza pembe. Akakunja magoti yake yanayolia. Akatanua mikono.

Hatua kumi. Hatua tano. Macho yakagongana.

Mikono ya Kufuli ikashuka yenyewe.

"Shikamoo, mama," alisema, akarudi nyuma akalivuta geti la uwanja likafunguka.

"Marahaba. Tiketi sina," alisema mama mkwe, akipita kwa kuyumba na fuko kubwa la vyombo lililomwelemea begani. "Lakini virago vyangu nimeshafunga. Basi linaondoka saa ngapi, mwanangu?"