Ngazi ya Boma Jikoni kwa Bi Zuwena

Bi Zuwena alijikwaa tena kwenye ngazi, akaachia tusi kabla hata hajabandika chai.

"Ngazi hii itaniua mie!"

"Si ulipinga mwenyewe," mumewe, Mzee Shaweji, alimjibu kutoka chumbani.

Sheria ilisema anayepinga kuuzwa kwa jengo la umma apewe kipande chake akitunze nyumbani, na kwamba vipande vikitunzwa, jengo haliuzwi. Basi mji mzima ukapinga kuuzwa kwa Boma la kale. Roboti za manispaa ziling'oa, watu wakabeba kwa vigelegele kama wanaopeleka mahari. Bi Zuwena alipangiwa ngazi ya mninga, ikasimamishwa jikoni, ikapanda mpaka darini na kukomea hapo. Jirani yake Mwatumu alipewa mlango mkuu, na tangu hapo kitanda chake kiko uani.

"Sitoi hata kidato kimoja," Bi Zuwena alinung'unika akianika kanga kwenye ngazi. "Wanaolitaka Boma watupitie sisi kwanza!"

Mwatumu aliingia bila hodi, akihema.

"Shoga, wanajenga hoteli pale Bomani!"

"Wanajengaje? Boma si tunalo sisi?"

"Nimewauliza. Wanasema Boma halijauzwa, na wanatushukuru kwa kulitunza. Kilichouzwa ni kiwanja, maana kilikuwa kitupu."

"Kitupu tangu lini?"

Mwatumu aliitazama ile ngazi, akashindwa kumtazama mwenziwe usoni.

"Tangu tulipomaliza kubeba."