Ipi Ichinjwe

"Shemeji, vipuri vinatosha pikipiki moja tu," fundi alimwambia mjane wa kaka yake, akijifuta grisi mikononi. "Nyingine tuichinje, tupate vya kuifufulia mwenzake. Sema wewe."

Mjane alizitazama zote mbili, zimejaa vumbi kando ya ukuta wa gereji. Miaka ishirini walisafiri nazo nchi hadi nchi, yeye mbele, mumewe nyuma akilalamika kwamba mke anakimbia kama anafukuzwa na polisi.

Akapanda ya mumewe. Mpira wa mshikio wa kulia ulikuwa umebonyea pale kidole gumba cha marehemu kilipozoea kukaa. Akaweka chake. Kikapwaya.

Akanyoosha miguu. Haikufika chini.

"Ichinje hii."

Fundi alimkazia macho. "Ya kaka? Watu watasemaje?"

"Watu hawaendeshi. Naendesha mimi."

Fundi akageukia dirishani, mabega yakimtikisika.

Mjane alisubiri kulia naye. Machozi hayakuja, wala uchungu. Mwili wote ulikuwa kama umechomwa sindano ya ganzi. Akashuka, akaokota spana, akauliza waanze na boliti ipi.