Mwezi wa Sifuri

Shaweji alikuwa hoi kwa uchovu alipoligundua kosa. Programu aliyoiandika mwenyewe kuhesabu eda ya mama yake ilikuwa imezidisha mwezi mzima. Katika lugha ya kompyuta iitwayo C, Januari huhesabiwa kuwa ni sifuri. Baba alifariki Februari, Shaweji akaandika mbili, na mashine ikaelewa Machi.

Akaenda chumbani. Mama alikuwa amekaa mkekani, amejitanda shuka lake jeupe.

"Mama, eda yako imekwisha tangu mwezi uliopita. Nimekuweka ndani bure."

Mama akamtazama kama mtu aliyeamshwa usingizini.

"Ami zako wanajua?"

Hawakujua. Walikwisha kusema kwamba siku eda itakapoisha, nyumba ya ukoo itauzwa na mjane atafute pa kwenda. Kuhesabu waliona uvivu, wakaiachia mashine.

"Basi kosa zuri hilo," mama akasema, akajinyoosha mkekani. "Nimepika, nimefua, nimeuguza watu humu mpaka mgongo umepinda. Hii ndiyo miezi ya kwanza hakuna aliyenituma."

"Lakini keshokutwa hata hesabu hii ya makosa inafika mwisho."

"Si ulisema mashine inakusikiliza wewe?"

Shaweji akarudi mezani, akaufungua ule mstari wa tarehe. Mara ikasikika hodi, na Ami Kibwana akaingia akivua viatu.

"Haya, mtaalamu! Mashine inasemaje leo?"

Kidole cha Shaweji kilikuwa juu ya kitufe cha tatu, bado hajakibonyeza.